Mmea vamizi ni upi, na kwa nini kufyeka kiwanja hakuumalizi

Ukitaja "mvamizi" Kigamboni, Bunju au Mapinga, pembezoni mwa Dar es Salaam, hakuna atakayefikiria mmea. Watu watamfikiria yule aliyeingia kwenye kiwanja cha mwenzake usiku, akasimamisha kibanda cha mabati manne, akachomeka mihogo na migomba, na asubuhi akamuuliza mwenye hati, "Wewe ni nani?" Hakuna anayemlaumu kwa kuwa ametoka mkoa mwingine. Majirani karibu wote wametoka mikoa mingine na hawana kesi na mtu. Kosa lake ni namna alivyoingia, anavyojitanua kila msimu, na anavyomsukuma aliyemkuta.

Wanaotumia maneno "mimea vamizi" wamelikuta neno limeshaiva. Mmea vamizi ni mmea uliofikishwa na binadamu, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mahali ambapo si kwao. Ukifika hapo unaanza kuzaana wenyewe bila kumwagiliwa wala kutunzwa, kisha unaenea hadi kudhuru mimea na wanyama wa hapo, ardhi, maji au riziki za watu. Masharti hayo matatu lazima yatimie yote. Likikosekana moja, tafuta jina lingine.

Gugu, kwa mfano, ni neno la mkulima. Gugu ni mmea wowote ulioota pasipotakiwa. Ndago ni gugu linalowatoa watu jasho shambani, lakini hakuna aliyelileta hapa kwa meli. Mmea wa kigeni nao ni jambo jingine. Mkorosho asili yake ni Brazil na uliletwa na Wareno. Mkarafuu unatoka visiwa vya Maluku. Muhogo na mahindi vilivuka Atlantiki. Pwani nzima inakula na kuuza vitu vya kigeni, na mkorosho haujawahi kumfukuza mtu shambani kwake. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotoka mwaka 2023, inakadiria kuwa katika mimea yote ya kigeni iliyokwisha kuota mizizi ugenini, iliyogeuka vamizi ni kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo anayekwambia ung'oe kila kisicho cha asili anakuharibia bustani bure.

Ugeni wenyewe pia hauhesabiwi kwa mipaka ya nchi. Mfano mzuri ninaoujua ni mti wa mhesi, ambao wengine huuita msizi. Kwao ni Kagera na Uganda, kwa hiyo ni mti wa Tanzania kabisa. Ulipopandwa Amani, milima ya Usambara Mashariki, ndege aina ya hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu ndani ya msitu, na kila palipokatwa miti mikubwa mhesi ukawahi kuziba pengo. Ni raia wa nchi hiyo hiyo, lakini Amani ni mvamizi.

Sasa turudi kwenye viwanja vya pwani, maana huku ndiko neno hili linakokutana na panga.

Mti ninaougombeza mimi ni mlusina. Umeuona hata kama hujui jina: majani madogo madogo kama ya mkwaju, ua jeupe la mviringo kama pamba ya sikioni, na vishada vya maganda bapa ya kahawia ambayo upepo wa kaskazi ukivuma yanachakarika kama karatasi. Asili yake ni Mexico. Miaka ya 1970 na 1980 ulisifiwa duniani kote kama mti wa miujiza: kuni za haraka, malisho ya mbuzi, rutuba kwenye udongo. Sifa hizo ni za kweli. Ila mti unaokua haraka kwenye udongo mbaya bila kutunzwa, ukatoa mbegu nyingi tangu ukiwa mdogo, ukiutupa kwenye kiwanja kisicho na mtu hauwezi kubaki mmoja. (Wenye punda wawe macho: majani yake yana kemikali inayofanya wanyama kama punda na farasi wanyonyoke manyoya ya shingoni na mkiani.) Mlusina na lantana, ile ya maua ya rangi mchanganyiko iliyoletwa kama pambo la ua, yote miwili imo kwenye orodha ya wavamizi 100 wabaya zaidi duniani iliyotungwa na wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira.

Kwa nini pembezoni mwa miji ya pwani hasa? Kwa sababu huko ardhi inageuzwa kila siku. Msitu umekwisha kukatwa, nyumba bado haijajengwa, mwenye kiwanja yuko mjini anatafuta pesa ya matofali. Kifusi kinaletwa na lori kutoka usikokujua, na mbegu zimo ndani yake. Kando ya barabara kuna vitalu vya maua vinavyouza chochote kinachochanua. Ardhi wazi, jua kali, mvua za masika na vuli, na hakuna mtu wa kuangalia: mvamizi anataka nini tena?

Mwaka wa kwanza kwenye kiwanja changu nilifanya kama wanavyofanya wote. Nikatafuta vijana wenye mapanga na makwanja, tukapatana, wakafyeka siku mbili, wakakusanya marundo na kuyatia moto. Jioni kiwanja kilikuwa cheupe na nilipiga picha. Masika yalipopita nikarudi na mshika mita kuangalia mipaka, nikakuta zulia. Miche ya mlusina imebanana kama mchicha kwenye tuta, na kila kisiki kimetoa machipukizi matano, sita. Vijana sikuwa na haki ya kuwalaumu. Walifanya nilichowaagiza, na nilichowaagiza ndicho mlusina ulichokuwa ukikisubiri.

Ukimuuliza mtu anayeotesha milusina kwa kuuza, atakwambia mbegu zake zina ganda gumu, hivyo kabla ya kuzipanda humwagiwa maji ya moto ili zilainike. Moto wa majani makavu unaopita juu ya udongo kwa dakika chache unaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Zinazobaki bila kulainika hazifi. Hukaa udongoni miaka mingi zikingoja zamu. Kwa hiyo kufyeka na kuchoma kunaondoa kivuli, kunaamsha mbegu na kuacha visiki vikiwa hai, yote kwa malipo ya siku mbili.

Hapo ndipo kusafisha eneo na kudhibiti mimea vamizi zinapoachana. Kusafisha kunapimwa jioni ile ile kwa macho. Kudhibiti kunapimwa masika ya pili na ya tatu. Fundi wa kweli wa kazi hii, kabla hajashika chombo, anatembea kiwanja kizima akitaja kila mti kwa jina, maana kila mmoja una namna yake ya kurudi. Mlusina unarudi kwa mbegu na kwa kisiki. Mwarobaini mbegu zake hazina maisha marefu, baada ya wiki chache nyingi huwa zimekufa, lakini ukiujeruhi mizizi unachipua mbali na shina, na popo na ndege wanakuletea mbegu mpya kutoka kwa jirani. Lantana ikikatwa inachipua upya chini. Ukitumia dawa moja kwa magonjwa matatu, mawili yatabaki.

Miche midogo inang'olewa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu, siku moja au mbili baada ya mvua, mzizi mkuu ukitoka mzima. Kichanga cha pwani kinasaidia sana hapa. Miti mikubwa kidogo inachimbuliwa kwa sururu na mtaimbo. Ikishindikana, inakatwa karibu kabisa na ardhi na kisiki kinapakwa dawa ya kuua magugu. Kupaka kwenyewe kuna ufundi. Dawa inapakwa kwa brashi ndani ya dakika chache baada ya kukata, kabla jeraha halijakauka, na haipakwi kisiki chote bali ile pete mbichi iliyo chini tu ya gome, kwa sababu ndiyo iliyo hai. Katikati ni mbao, dawa ikiingia huko imepotea. Wazoefu huchanganya rangi kidogo kwenye dawa ili waone kisiki kipi kimeshapakwa. Nimeona watu wakikata asubuhi na kupaka mchana baada ya kula. Hao wamepaka rangi tu.

Kunyunyiza kwa bomba la mgongoni kiwanja kizima sikupendi, na hasa huku ambako visima ni vifupi na mchanga unapitisha kila kitu. Ukinunua dawa, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, si iliyopunguzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kijiko, ile mashine ya kuchimbua, nacho kina mahali pake, kwenye visiki vikubwa. Lakini kinabeba udongo wa juu wote wenye rutuba, na minyororo yake imeganda tope la kiwanja cha jana. Mwambie dereva aioshe kabla hajaishusha kwako. Atakucheka kidogo, ila ataosha.

Kisha ardhi isiachwe uchi. Matawi yaliyokatwa, yasiyo na maganda yenye mbegu, yatandazwe juu ya udongo. Viazi vitamu na kunde vinafunika haraka na vinaliwa. Baadaye panda miti ya hapa, mkwaju au hata mbuyu kama una subira na nafasi.

Kuna mimea ambayo mwenye haraka huifyeka akidhani ni magugu, kumbe ndiyo inayoshikilia kiwanja chake. Ule mtambaazi wa maua ya zambarau unaotanda juu ya mchanga wa ufukweni ndio unaouzuia mchanga usiondoke na upepo. Mkadi hivyo hivyo. Mikoko ni hifadhi ya kisheria na haikatwi bila kibali, hata ikiwa imesimama mbele ya dirisha lako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Aliyekuuzia kiwanja huenda hakulitaja hilo.

Kuhusu mwarobaini najua nitagombana na watu. Ni mti wa kivuli, wa dawa, na jina lake lenyewe linadai unatibu maradhi arobaini. Hata hivyo ni mgeni kutoka Asia ya Kusini, na umeingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani na misitu ya pwani ya Kenya. Msimamo wangu ni huu: mmoja uani kwako katikati ya mji hauna neno. Mstari wa miarobaini kama uzio wa kiwanja kinachopakana na msitu ni kesi nyingine. Mvinje nao si wa kuhukumiwa kwa haraka. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller aliupanda kwenye machimbo yaliyokufa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, ambako hakuna kilichokubali kuota, na majongoo yakasaga majani yake makavu hadi yakawa udongo. Machimbo hayo hayo ya pwani ndiyo yaliyopokea mathenge mwaka 1973, mti ambao baadaye ulipelekwa maeneo makavu ya Kenya na kufunga malisho ya Baringo. Wafugaji wa huko walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, kwa sababu maganda matamu ya mathenge yalikuwa yameyaozesha. Yalikuwa machimbo yale yale na nia njema ile ile, lakini miti miwili ikaishia mahali tofauti kabisa.

Afrika Kusini wamelipeleka jambo hili hadi kwenye mauziano. Kanuni zao za mwaka 2014 zilimtaka muuzaji wa ardhi amweleze mnunuzi kwa maandishi mimea vamizi iliyopo kwenye eneo. Huku kwetu mnunuzi anauliza maji, umeme na hati. Akiuliza na miti, dalali atadhani anatafuta sababu ya kushusha bei.

Basi ukitaka mtu wa kukufanyia kazi hii, usianze na bei ya siku. Muulize atarudi lini. Akisema hakuna haja ya kurudi, huyo anafyeka tu, na kufyeka ni kazi halali yenye bei yake. Anayejua atakupangia kurudi baada ya masika, baada ya vuli, na mwaka unaofuata tena, kila safari kwa watu wachache zaidi na saa chache zaidi, na malipo mengine yatabaki hadi safari hizo ziishe.

Kwangu ni mwaka wa nne. Masika haya nimeng'oa miche kwa mkono kuanzia kwenye jiwe la mpaka hadi kwenye karo, na nilimaliza kabla jua halijawa kali. Karibu yote ilikuwa upande wa mashariki, chini ya mlusina mmoja mrefu ambao si wangu. Nimeshazungumza na mwenye kiwanja hicho. Anasema unampa kivuli na mbuzi wa mkewe wanaupenda.