Pijo ya Mama: kitabu kinasema 1800, chuma kinasema vingine

Gasketi ya hedi, ule muhuri unaokaa kati ya bloki ya injini na kichwa chake, niliyonunua Kirinyaga Road, haikuwa na kasoro. Ilikuwa mpya, bado imo kwenye karatasi yake, na muuzaji alikuwa ameisoma logibuku ya gari, yaani kitabu cha usajili, kabla ya kupanda ngazi kuitafuta. Lakini nilipoilaza juu ya bloki, ukingo wake uliingia ndani ya silinda. Si upande mmoja tu, bali pande zote, kiasi cha milimita 2. Ningeifunga hivyo, ukingo ule ungekuwa unaiva kwenye moto wa injini kila siku hadi upasuke, na Mama angekwama tena barabarani.

Nimekuwa nikitengeneza Peugeot 504 kwa zaidi ya miaka 20, wengi wakinijua kutoka karakana yangu ya Kariobangi Light Industries. Gari lililokuwa limefunguliwa hedi siku hiyo lilikuwa la nyumbani kwetu. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, na tangu nikiwa mtoto alituambia ni moja ya 504 za mwanzo kabisa kuingia Kenya. Tulijazana humo kwenda Murang'a kila Krismasi, kuku wakiwa kwenye buti. Baba alipofariki gari likabaki kwa Mama, na kazi ya kulitunza ikabaki kwangu.

Nilichukua vernia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, nikapima mdomo wa slivu, yaani mrija wa chuma ambamo pistoni inasafiri: milimita 88. Hapo hesabu ni fupi. Injini ya kwanza ya 504, ile iliyotoka na gari lenyewe mwaka 1968, ina kipenyo cha milimita 84 na pistoni inasafiri milimita 81. Kwa silinda 4 hiyo ni ujazo wa cc 1,796, ambayo watu huita 1800. Mwaka 1970 Peugeot walipanua kipenyo hadi 88 wakaacha mwendo wa pistoni ulivyokuwa, na ukizidisha unapata cc 1,971, yaani 2000. Logibuku ya Mama inasema 1800. Chuma kilichokuwa mbele yangu ni cha 2000.

Maana yake, mtu fulani wakati fulani alitoa injini nzima akaweka nyingine, na hakuna aliyeandika popote. Ni jambo la kawaida sana hapa kwetu. Injini ya 504 iliyokuwa kwenye teksi inaishia kwenye pikapu, ya pikapu inaishia kwenye gari la padri. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu wote, na sasa nilijiambia mwenyewe: usinunue spea kwa kusoma karatasi. Pima kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mwaka, hasa Kenya. Ulaya waliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Sisi tuliendelea kuiunganisha hadi 2004. Ukienda na "504 ya mwaka 1990" kwenye katalogi ya Kifaransa, gari lako halimo. Na gari la mwaka huo linaweza kuwa na kipande cha muundo wa zamani ubavuni mwa kipande cha muundo wa karibuni. Mwaka wa usajili unakuambia siku gari lilipopewa namba, basi.

Sasa turudi kwenye kilichofanya hedi ifunguliwe, maana hapo ndipo 504 nyingi za Nairobi zinapofia.

Mama alikuwa anapanda kutoka Naivasha, gari likachemka. Fundi wa pale barabarani alimsaidia kwa moyo mwema, akafanya mambo mawili ambayo mafundi wengi hufanya: akatoa thamostati akaitupa, kisha akakaza skrubu za feni ili izunguke bila kuacha. Gari likafika nyumbani. Wiki tatu baadaye gasketi ikaungua.

Feni ya 504 ni kitu kizuri ambacho watu hawakipi heshima yake. Haizunguki wakati wote. Kwenye puli ya pampu ya maji kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto wa kutosha, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inaishika feni na feni inaanza kuvuta hewa. Yakipoa, inaiachia. Umeme unaifikia sumaku kupitia kibrashi kidogo cha kaboni, na kibrashi hicho kikiisha, feni inakaa tu huku injini inaiva. Skrubu hizo hukazwa kwa ajili ya kufika nyumbani tu. Si za kukaa nazo miaka 5. Ukifika, badilisha kibrashi, safisha swichi, rudisha nafasi kati ya sumaku na feni. Fundi stadi anaimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Thamostati nayo haichemshi gari ikiwa nzima. Ukiitoa, injini ya Nairobi, hasa asubuhi za Julai, haifiki joto lake. Petroli inaosha kuta za silinda, oili inakuwa na tope, na mwenye gari anashangaa kwa nini anatumia mafuta mengi. Halafu kuna jambo la mwinuko. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria hapa huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na kifuniko. Mpira wa kifuniko ukishakauka, umepoteza nyuzi kadhaa za usalama, na ukipanda Limuru unazihitaji zote. Kifuniko ni spea rahisi kuliko zote kwenye gari hili, na ndiyo ya kwanza ninayoiangalia mteja akisema gari linachemka.

Slivu za 504 ni za maji, yaani maji yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Ndiyo maana maji ya mfereji peke yake ni sumu ya polepole: yanakula bloki ya chuma, yanakula hedi ya aluminiamu, na kutu inajikusanya chini ya slivu ambako hakuna anayeona. Tia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kila mara, hata kama hakuna barafu Nairobi. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu.

Na hedi ikishatoka, tafadhali usizungushe krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla hujazibana slivu. Pistoni itazinyanyua, muhuri wa chini utakaa vibaya, na maji yataingia kwenye oili ukishafunga kila kitu. Slivu inatakiwa kusimama juu kidogo ya uso wa bloki, sehemu chache tu kati ya mia za milimita, ili hedi ipate cha kukandamiza. Kimo hicho hurekebishwa kwa mihuri myembamba ya chini yenye unene tofauti. Nimeona mafundi wakipitisha kidole na kusema "iko sawa". Kidole hakipimi sehemu za mia za milimita. Kwenye gari la Mama slivu ya tatu ilikuwa imezama chini ya zenzake, na gasketi ilikuwa imeungua hapohapo.

Kwa upande wa kabureta sitasema mengi. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo jeti, yaani tundu la kupitishia petroli, iliyofaa Pwani inamwaga petroli kupita kiasi hapa na plagi zinakuwa nyeusi. Weka jeti kuu ndogo kidogo, weka nafasi ya pointi, zile zinazokatiza umeme wa plagi, kwenye milimita 0.4, kisha angalia rangi ya plagi baada ya wiki.

Lile swali la injini halikuniacha. Kama logibuku inasema 1800 na Baba alisema gari ni la mwanzo, basi mambo yalilingana: 1800 ndiyo injini ya 1968. Niliamini hivyo maisha yangu yote. Usiku ule nikiwa nimeketi na chai nilikumbuka kwamba nimetengeneza breki za nyuma za gari lile mara ngapi sijui, nikibadilisha viatu vya breki. Viatu! Breki za ngoma. Na eksi ya nyuma ni moja ngumu, kutoka gurudumu hadi gurudumu.

Saluni ya 504 ya mwanzo haiko hivyo. Ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote 4, na kila gurudumu la nyuma lilikuwa na mkono wake, linapanda na kushuka bila kulisumbua la pili. Ndiyo iliyofanya gari hili litembee kwenye mashimo kama linateleza. Eksi ngumu ilikuwa ya gari la mizigo na familia, lile refu lililotoka 1971, lenye nafasi ya milimita 2,900 kati ya magurudumu ya mbele na nyuma badala ya 2,740 za saluni. Kisha mwaka 1973 wakatoa saluni ya bei nafuu, 504 L, nayo wakaipa eksi ngumu, ngoma nyuma, na injini ndogo ya cc 1,796 iliyorudishwa kazini.

Kwa hiyo logibuku haikusema uongo. Gari la Mama lilizaliwa na 1800, lakini ile ya pili, ya 504 L. Injini ya 2000 iliingia baadaye. Baba ndiye aliyedanganywa na aliyemuuzia, au labda wote wawili waliisoma namba 1800 kama nilivyoisoma mimi.

Nilimwambia Mama. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na sasa litatembea?"

"Litatembea, Mama."

"Basi mwache baba yako na maneno yake."

Tangu hapo nimekuwa nikizitafuta zile za mwanzo kweli. Nataka kuona moja ambayo haijaguswa, nijue kila bushi na kila bolti ilikaaje ilipotoka kiwandani Sochaux, maana katika karakana yangu zinakuja zilizochanganywa na vizazi vitatu vya mafundi. Ukitafuta nawe, usiishie kwenye injini. Lala chini utazame nyuma kwanza: kama kuna eksi ngumu, si ya mwanzo, hata mwenyewe akiapa. Tazama vishikio vya milango. Vya awali vimetokeza nje, vya baadaye vimelala ndani ya bodi. Soma kibati cha chesisi chini ya boneti, kinachoanza na 504 kikifuatiwa na herufi na tarakimu za aina, kisha linganisha na namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, kwa sababu kibati kina skrubu na skrubu hufunguka. Ukibahatika kupata jenereta au taa ambazo hazijabadilishwa, tafuta alama za Ducellier, Paris-Rhône au Cibié. Namba ya gari ya herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho inakuambia tu kwamba ilisajiliwa kabla ya 1989. Na huko Sochaux, jumba la makumbusho la Peugeot lipo tangu 1988. Wanaotunza kumbukumbu za kampuni huweza kukuthibitishia kutokana na namba ya chesisi gari lilitengenezwa lini.

Nimefuata fununu nyingi. Thika nilikuta gari refu wakidhani ni saluni. Naivasha nilikuta bodi ya saluni ya mwanzo kabisa, nzuri, haina kutu kwa sababu haikuwahi kuishi Pwani, lakini mikono ya nyuma imeuzwa chuma chakavu. Hilo liliniuma. Watu hapa wanakumbuka 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na wanalitaja jina la Pijo kwa fahari, huku zile zenyewe zikikatwa kwa gesi nyuma ya nyumba.

Ya tatu iko Githunguri. Nilielekezwa na mteja, nikaenda Jumapili mchana. Mzee mwenye gari alinikaribisha chai kabla ya neno lolote la gari, nami sikuuliza bei. Nilimwomba tu ruhusa ya kutazama. Lilikuwa chini ya mwembe, kuku wakiwa kwenye kiti cha nyuma, boneti imefunikwa gunia.

Nililala chini na tochi. Diski nyuma, kulia na kushoto. Mikono miwili, kila gurudumu na wake. Vishikio vimetokeza. Kibati na namba ya bodi vinafanana.

"Unaona nini huko, kijana?" Mzee aliuliza.

"Naona gari ambalo halijaguswa, mzee."

"Limeguswa na kuku tu," akasema, akaenda kuwatoa.

Hataki kuuza, na sikumsihi. Amenikubalia kitu kingine: Jumamosi ijayo nitafungua hedi yake mbele yake, nipime slivu, nipige picha za bushi za nyuma na mihuri, nipake oili silinda zisishikane na kutu zaidi, kisha nifunge kila kitu kama kilivyokuwa. Nimeshanunua gasketi. Ni ile ya milimita 84 iliyorudi kutoka kwenye gari la Mama, bado imo kwenye karatasi yake.