Kamera ya Caché iko wapi?

Mimi ni mhariri wa filamu, na ninapofundisha vijana kukata picha huanza na filamu inayokata kwa uchoyo: Caché ya Michael Haneke, ya mwaka 2005. Nitaisimulia hadi mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona na hapendi kuharibiwa utamu aishie hapa.

Inaanza na nyumba moja ya Paris, imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kamera haisogei. Wapita njia wanapita, dakika zinakwenda, na muziki hakuna (filamu nzima haina muziki wa kusindikiza; wale wanaotafsiri filamu vibandani kwa kipaza sauti wangeipata freshi). Halafu tunasikia mume na mke wakijadili picha hiyohiyo, na mistari ya kupeleka mbele inaipasua skrini. Kumbe muda wote tulikuwa tunatazama kanda ya video waliyoachiwa mlangoni.

Kwa kawaida picha ya kamera ya siri huwekewa alama ili usichanganyikiwe: chembechembe, rangi iliyofifia, saa inayohesabu pembeni. Haneke na mpiga picha wake, Christian Berger, walizipiga kanda kwa dijitali ileile ya ubora wa juu waliyopigia filamu nzima. Mshono hauonekani. Kuanzia hapo kila shoti iliyotulia unaitazama kwa wasiwasi: hii ni hadithi, au ni kanda nyingine?

Mlengwa ni Georges (Daniel Auteuil), mtangazaji wa kipindi cha vitabu kwenye televisheni. Kanda zinakuja pamoja na michoro ya kitoto, uso unaotema damu, jogoo anayevuja damu shingoni, na mwishowe zinamfikisha kwenye chumba cha Majid (Maurice Bénichou). Wazazi wa Majid walikuwa Waalgeria waliofanya kazi shambani kwa kina Georges. Walikwenda Paris kwenye maandamano ya tarehe 17 Oktoba 1961 wasirudi. Wazazi wa Georges wakataka kumlea mtoto, na Georges, akiwa na miaka sita, akamsingizia kuwa anakohoa damu. Waliposadiki kuwa ni uongo, akamdanganya Majid amchinje jogoo, kisha akasema Majid alitaka kumtisha. Majid akapelekwa kwenye kituo cha yatima.

Usiku ule wa 1961 si wa kubuni. Mkuu wa polisi wa Paris, Maurice Papon, alikuwa amewawekea Waalgeria marufuku ya kutembea usiku. FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Ufaransa, ikaitisha maandamano ya kuipinga. Polisi wakapiga watu, wakawafyatulia risasi, wengine wakawatupa mto Seine. Serikali ilitangaza vifo vichache mno. Wanahistoria wanataja makumi, wengine zaidi ya 200. Papon alihukumiwa mwaka 1998, lakini kwa kushiriki kuwasafirisha Wayahudi wa Bordeaux wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa Oktoba 1961 hakushtakiwa kamwe. Mwongozaji mwingine angetuonyesha mto na miili. Haneke anampa Georges sentensi chache tu, tarehe, jina la Papon, watu waliozamishwa, naye anazitamka kama mtu anayejaza fomu.

Wengi husema filamu hii inamhukumu mtoto wa miaka sita. Sikubaliani. Tazama anachofanya mtu mzima: anamwendea Majid, anamtisha, kisha anamwambia mkewe Anne (Juliette Binoche) kwamba hakumkuta mtu. Kanda inayofuata inamuumbua: ndani yake yumo akitisha, na baada ya yeye kuondoka, Majid analia peke yake. Hatia inayopimwa hapa ni ya huyu mwenye rafu zilizojaa vitabu, ambaye bado anasema uongo.

Halafu kuna kifo. Majid anamwita Georges, anamwambia alitaka awepo, anajikata koo. Shoti moja, ya mbali. Mkono wa mhariri yeyote ungewashwa kukatia uso wa Auteuil. Hapa tunaachwa na mwili sakafuni, damu ukutani, na Georges asiyejua asimame wapi. Ukikumbuka kanda ya Majid akilia, utagundua kamera iko palepale. Nani anarekodi? Majid na mwanawe wamekana. Ukikikagua chumba kile, huoni mahali ambapo kamera ingefichwa bila kuonekana. Pembe ile ni ya Haneke mwenyewe, nasi tumekaa nyuma yake, na ndiyo maana sipotezi muda kumsaka mtumaji.

Tamasha la filamu la Cannes lilimpa Haneke tuzo ya mwongozaji bora. Austria, nchi ya Haneke, ilipoipeleka filamu kwenye Oscar ilikataliwa, eti haizungumzi Kijerumani. Kanuni hiyo ikabadilishwa baadaye.

Shoti ya mwisho ni ngazi za shule, nayo imetulia kama ya kwanza. Chini kushoto, katikati ya wanafunzi, mtoto wa Majid anazungumza na Pierrot, mwana wa Georges. Haneke aliwaandikia maneno, lakini hatuyasikii. Kwenye simu hutawaona kabisa. Tafuta skrini kubwa, na usizime majina yakianza kupita, kwa sababu shoti bado inaendelea.