Je, Wajua Kwa Nini Jiwe Lisilotoa Povu Kisiwani Mombasa ni Mgeni?

Ukisimama kwenye magenge ya Kizingo, upande wa Mama Ngina, mwamba ulio chini ya nyayo zako uliwahi kuwa hai. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya matumbawe yaliyoota baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Maji yakashuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Wareno waliuchonga mwamba huohuo walipojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596. Kuta za Mji wa Kale nazo ni matumbawe, zimeshikwa na chokaa iliyotokana na matumbawe ya kuchomwa.

Kwa mtu anayependa kuokota mawe na kutaka kuyajua, habari hii ina faida kuliko kitabu kilichojaa picha. Jiwe gumu la kisiwani ambalo si tumbawe, takriban kila mara lina safari nyuma yake: limeletwa na lori, na chombo, au na maji. Basi kabla ya kuuliza ni jiwe gani, uliza limefikaje hapo.

Kumtambua mgeni ni kazi ya siki au ndimu. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti, na tindikali ikiigusa hutoka hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo hufanya povu. Lakini siki ya jikoni ni dhaifu. Ukiitona juu ya jiwe zima unaweza usione kitu ukadhani jiwe limekataa. Likwaruze kwanza kwa ncha ya msumari upate unga mdogo, tona siki juu ya unga huo, kisha inama utazame kwa karibu: viputo vidogo vitapanda mmoja mmoja. Kuna mtego mwingine. Jiwe lililolala ufuoni hujipaka ganda la chokaa na vijumba vya vidudu vya baharini, na ganda hilo litatoa povu hata kama ndani mna jiwe la namna nyingine kabisa. Vunja pembe moja, upime uso mpya. Na ukivunja, vaa miwani. Kipande cha jiwe hakina adabu kwa jicho.

Wageni wenyewe ni wa kila aina. Wengi ni kokoto za ujenzi na za reli, nao hawana siri kubwa. Wanaovutia zaidi ni wale wa farumi, mawe yaliyowekwa chini ya vyombo ili visipinduke vikiwa havina shehena. Bandari iliyopokea majahazi na meli kwa karne nyingi haikosi mawe yaliyookotwa ng'ambo na kumwagwa huku. Halafu kuna jiwe jepesi linaloelea, lile la kusugulia visigino. Hilo ni povu la volkano lililoganda likiwa bado na hewa ndani. Mlima Krakatau ulipolipuka huko Indonesia mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalielea kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo jiwe la volkano ufuoni si ushahidi kwamba kuna volkano karibu.

Sasa, umeshajua ni mgeni. Anaitwa nani? Hapa ndipo wengi huanza na rangi, na rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Kwatzi, madini magumu yanayopatikana karibu kila mahali, ikiwa safi haina rangi. Ikiingiwa na chuma kidogo mno inaweza kuwa zambarau, na akiki ya pete, ile nyekundu ya kahawia, nayo ni kwatzi iliyotiwa rangi na chuma. Yakuti nyekundu na yakuti ya samawati ni madini yaleyale: moja imechanganyika na kromiamu, nyingine na chuma na titaniamu. Kiasi chenyewe ni kidogo sana, ila jicho linaona jiwe jingine.

Ugumu hauna ujanja huo. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kutoka laini hadi gumu, la kwanza ulanga na la kumi almasi. Ukucha wako uko kama 2.5, kisu cha kawaida na kioo cha dirisha kama 5.5, kwatzi 7. Kisu kikilichana jiwe kwa urahisi, hiyo si kwatzi, hata ling'ae vipi. Kosa la kawaida ni kuona mstari wa kijivu ukadhani jiwe limekwaruzika, kumbe ni chuma cha kisu kilichobaki juu yake. Lowesha kidole ufute. Mstari ukifutika, kisu ndicho kilichoshindwa.

Kipimo cha tatu sonara anacho dukani. Ana jiwe jeusi analosugulia pete, akatazama alama iliyobaki, kisha akaitona tindikali kujua dhahabu ina kiwango gani. Mkusanyaji wa mawe anatumia upande wa nyuma wa kigae cha ukutani, ule mkavu usiopakwa rangi ya kung'aa. Sugua jiwe hapo usome rangi ya unga wake. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa nyeusi na kung'aa kama chuma kilichopigwa msasa, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia daima. Ile pairiti ya manjano inayowapa watu ndoto za utajiri huacha unga mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha alama ya dhahabu. Madini yaliyo magumu kuliko kigae hayaachi unga wake. Yatakikwaruza kigae tu, na hiyo nayo ni habari.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha uzito, kwa sababu kinatoa namba na namba haibembelezi mtu. Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali, bakuli la maji na uzi. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka bakuli lenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala kando, usome mizani. Gramu unazoziona ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 265 likisoma 100 lina 2.65, nayo ni kwatzi au jamaa zake. Ukipata 4.5 fikiria bariti, madini mazito yasiyo ya chuma. Ukipata kama 7.5, na jiwe ni la kijivu cha fedha linalovunjika kwa pembe za mraba, hiyo ni galena, madini ya risasi. Nawa mikono.

Hizo mbili hazitoki mbali. Risasi na bariti zinajulikana Kilifi bara, Kinangoni na Vitengeni. Ukivuka tu Makupa kutoka kisiwani kuingia bara, ardhi inabadilika. Changamwe kuna mwamba wa matope yaliyoganda tangu enzi ya Jurasi, na ndani yake amonaiti, viumbe wa bahari wenye gamba la kujikunja, ambao wataalamu walianza kuwaandika tangu karne ya 19. Panda hadi Mazeras unakuta mawe ya mchanga, yale ya bapa yanayotandikwa nyuani kote Kenya. Humo hutokea kipande chenye nyuzi na miviringo ya mti, lakini kizito na kigumu kushinda kisu. Ni mti kweli, uliobadilishwa punje kwa punje na silika, ileile inayounda kwatzi. Visukuku vya namna hii vinalindwa na sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na kwa Sheria ya Madini ya 2016 madini ni mali ya taifa. Kuokota jiwe la kawaida la kutazama si sawa na kuchimba na kuuza. Hilo la pili lina leseni zake. Matumbawe ya hifadhi ya bahari yaache yalipo. Na mlima Mrima, kule Kwale, usijaze mfuko: una toriamu, madini yenye mnururisho, na isitoshe ni kaya, msitu mtakatifu wa wenyeji.

Sumaku ya spika iliyokufa ifunge kwenye karatasi ya nailoni uipitishe juu ya mchanga mweusi wa fukwe za kusini. Chembe zinazoirukia ni magnetiti. Ilmenaiti, madini meusi ya titaniamu, huvutwa kidogo sana; zirkoni na rutaili, madini mengine ya mchangani, hazijali. Ni ilmenaiti, rutaili na zirkoni zilizochimbwa Kwale hadi mwisho wa 2024, kutoka vilima vya mchanga wa zamani.

Sumaku hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu waseme wameokota kimondo. Mara nyingi ni mavi ya chuma, takataka za kuyeyushia. Yavunje: ukiona matundu ya viputo ndani, sahau kimondo, kwani vimondo ni nadra mno kuwa navyo.

Linabaki jiwe la kijani. Ukiliokota ufuoni limefifia na kuwa laini pande zote, lilowanishe na ulitazame kwa lenzi ya sonara. Viputo vya duara ndani vinamaanisha chupa iliyosuguliwa na mawimbi. Kama limetoka Taita, mambo ni mengine. Huko ni nchi ya tsavoraiti, kito cha kijani alichokiona mwanajiolojia Campbell Bridges kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 kabla ya kukipata Kenya, na ambacho Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, walikitambulisha sokoni 1974 kwa jina la Tsavo. Kina ugumu wa 7 na zaidi, hivyo kitakwaruza kioo. Lakini kwatzi iliyo na ukijani nayo itakwaruza kioo, na kipande kidogo hakipimiki vizuri kwa mizani ya jikoni. Hapo mpelekee mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kito: tsavoraiti husoma karibu 1.74, kwatzi 1.54 hadi 1.55. Kisu, msumari na kigae ni vya mawe ya kuokota. Kito kilichokwisha kukatwa, asikukwaruzie mtu.