Nguvu ya benchi presi na namna inavyopimwa

"Unapiga benchi ngapi?" Ndilo swali ambalo watu wa vyuma huulizana kabla ya mengine yote, na jibu huja kwa namba moja: 80, 100, 140. Namba hiyo ndiyo inayoitwa nguvu ya benchi presi. Kwa maana yake kamili, ni uzito mkubwa kuliko wote ambao mtu aliyelala chali kwenye benchi anaweza kuushusha hadi kifuani na kuusukuma juu mpaka mikono inyooke, mara moja tu, bila kusaidiwa. Jimu wanaiita maksi. Kwenye programu za mazoezi utaikuta imeandikwa 1RM, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya uzito wa juu kabisa wa kunyanyua mara moja. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi yake, na mabishano mengi kuhusu nani ana nguvu huanza pale kipande kimoja kinaporukwa.

Chukua hilo la "hadi kifuani". Anayeshusha mtaimbo, yaani kile chuma kirefu kinachobeba uzito, nusu ya njia kisha akaurudisha amekwepa sehemu ngumu kuliko zote, yaani zile sentimita chache za mwanzo baada ya kuondoka kifuani. Hapo ndipo mtaimbo hupungua kasi na ndipo wengi hukwama. Anayeudundisha kifuani naye hupata msukumo ambao haukutoka kwenye misuli ya kifua, mabega na nyuma ya mkono inayodaiwa kupimwa. Wote wawili wanaweza kusema "nimepiga 100", na kila mmoja atakuwa ameona kilo 100 kwa macho yake. Lakini hawajafanya kitu kimoja.

Ndiyo maana mchezo wa pawalifti, ambao benchi presi ni mojawapo ya minyanyuo yake mitatu pamoja na skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani) na dedilifti (kuinua uzito kutoka sakafuni), umeweka kanuni kali. Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa, IPF, lililoundwa mwaka 1972, mnyanyuaji hulala kichwa, mabega na makalio vikigusa benchi, nyayo zikiwa bapa sakafuni. Nafasi kati ya vidole vyake vya shahada kwenye mtaimbo haizidi sentimita 81. Mwamuzi mkuu humpa amri ya kuanza. Anashusha, mtaimbo unagusa kifua, na hapo anausimamisha tuli. Sasa anasubiri. Hakuna sekunde zilizopangwa: mwamuzi hutoa amri ya kusukuma pale anapoona mtaimbo umetulia kabisa, na muda huo mfupi, uzito wote ukiwa juu ya mbavu na pumzi imebanwa, hula nguvu kuliko asiyewahi kuujaribu anavyodhani. Akishasukuma, mikono ikanyooka, bado hana ruhusa ya kurudisha mtaimbo kwenye nguzo mpaka aamriwe. Waamuzi ni watatu. Wawili wakiwasha taa nyeupe, mnyanyuo umekubaliwa. Makalio yakiinuka, au mtaimbo ukashuka tena wakati wa kusukumwa, taa huwa nyekundu. Kila mshindani ana nafasi tatu, na iliyo bora ndiyo huhesabiwa.

Mwaka 2023 IPF iliongeza sharti jingine: mtaimbo ukiwa chini, upande wa chini wa kiwiko ufike usawa wa sehemu ya juu ya bega au upite chini yake. Sababu yake inaonekana kwa urahisi. Wapo wanyanyuaji wepesi wa viungo waliokunja mgongo kwa upinde mkubwa, wakashika mtaimbo kwa upana wote unaoruhusiwa, na njia nzima ya mnyanyuo ikabaki sentimita chache tu. Hawakuvunja kanuni yoyote iliyokuwapo. Hata hivyo, kwa maoni yangu sharti hilo lilichelewa, kwa sababu kipimo cha kusukuma kinapaswa kuwa na safari ya kusukuma. Mwenye mikono mifupi atabaki na nafuu ya maumbile, na hilo halina dawa. Refu na fupi zipo katika kila mchezo.

Kuna pia suala la mavazi. Shati la benchi hushonwa kwa kitambaa kigumu kinachokaza mikono na kifua, hivyo likivutwa mtaimbo unaposhuka, husaidia kuurudisha juu. Tofauti yake ni kubwa mno. Mwaka 2021 Mmarekani Julius Maddox alisukuma kilo 355 bila shati, uzito ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kwa namna hiyo. Kwa mashati mazito yenye tabaka kadhaa, watu wamevuka kilo 500. Rekodi hizi mbili hazipaswi kuwekwa kwenye orodha moja, na ukikuta namba ya kushangaza mahali popote, swali la kwanza liwe kama shati lilivaliwa.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha hesabu ya kilo zenyewe. Mtaimbo wa kawaida wa mashindano una kilo 20, ila upo wa kilo 15, na mitaimbo ya jimu nyingine huwa na uzito wake wenyewe. Mashine yenye mtaimbo unaopita kwenye reli haiingii kabisa katika mazungumzo haya, kwa kuwa reli zinafanya kazi ya kusawazisha ambayo mwili ungelazimika kuifanya, na baadhi ya mashine hizo zina vizani vinavyopunguza uzito wa mtaimbo.

Si kila mtu anataka, au anapaswa, kujaribu maksi halisi. Wengi hukadiria kwa marudio: unasukuma uzito unaoumudu mara kadhaa mpaka usiweze tena, kisha unaingiza namba kwenye fomula. Mbili ndizo zinazotumika sana. Ya Boyd Epley, kocha wa Marekani, ya mwaka 1985, inasema gawanya marudio kwa 30, ongeza 1, kisha zidisha kwa uzito. Ya Matt Brzycki, ya mwaka 1993, inazidisha uzito kwa 36 na kugawanya kwa 37 iliyotolewa marudio. Tuseme umesukuma kilo 80 mara 5. Epley atakupa kilo 93.3, Brzycki atakupa 90 kamili. Ukisukuma kilo 80 hizo mara 10, zote mbili zinakupa 106.7, maana hapo ndipo zinapokutana.

Makadirio hayo ni mazuri kwa marudio machache, tuseme matatu hadi sita. Ukipita kumi, unachopima kinaanza kuwa stahamala ya misuli. Wapo watu ambao mwili wao unafanya vizuri sana kwenye marudio mengi lakini maksi yao iko chini ya ile iliyotabiriwa, na wengine ni kinyume chake. Jaribio maarufu la wachezaji wanaoingia ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, la kusukuma ratili 225, yaani kilo 102, mara nyingi iwezekanavyo, lina kasoro hiyo hiyo: anayefikisha mara 30 ameonyesha ustahimilivu mkubwa, lakini huwezi kumtangaza ana maksi fulani kwa kutegemea fomula tu.

Njia nyingine inayozidi kutumika ni kupima kasi. Kifaa kidogo hufungwa kwenye mtaimbo na kusoma unakwenda kwa mita ngapi kwa sekunde. Kadiri uzito unavyokaribia maksi, kasi hushuka, na kwenye benchi presi mnyanyuo wa maksi husafiri kwa wastani wa mita 0.15 hadi 0.2 hivi kwa sekunde. Kocha akiona uzito wa kati unakwenda polepole kuliko kawaida yake, anajua mchezaji hajapumzika vya kutosha, bila kumfikisha kwenye kukwama.

Halafu kuna uzito wa mwili. Watu wengi hugawanya kilo walizosukuma kwa kilo zao wenyewe, na kusema "mimi napiga mara moja na nusu ya uzito wangu". Ni kipimo rahisi, ila kinawapendelea wepesi. Nguvu ya msuli hufuata ukubwa wa mkato wake, wakati uzito hufuata ujazo wake wote, hivyo mwili ukiongezeka maradufu, nguvu inayotarajiwa huongezeka mara 1.6 tu hivi. Mtu wa kilo 60 anayesukuma 90 ana uwiano wa 1.5, wa kilo 120 anayesukuma 150 ana 1.25 na anaonekana ameshindwa. Ukipiga hesabu kwa kanuni hiyo, 90 za yule mdogo zinalingana na kama 143 kwa yule mkubwa, kwa hiyo mwenye 150 ndiye aliyemzidi mwenzake. Ili kulinganisha kwa haki, pawalifti hutumia alama maalumu: kwa miaka mingi zilikuwa alama za Wilks, na tangu 2020 IPF inatumia alama za GL, ambazo zina hesabu tofauti kwa wanawake na wanaume, na kwa wanaoshindana na shati na wasiovaa.

Katika Paralimpiki, michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu, benchi presi ndiyo mnyanyuo pekee wa pawalifti, na miguu ya mchezaji hulazwa juu ya benchi, hivyo msukumo unaotoka kwenye nyayo haupo. Katika hali hiyo Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 mjini Rio mwaka 2016. Kwangu mimi, hiyo ni mojawapo ya namba nzito kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwenye zoezi hili.

Anayetaka kujua maksi yake halisi aanze na mtaimbo mtupu, apande kwa hatua: nusu ya anachotarajia mara 5, kisha kama asilimia 70 mara 3, 80 mara moja au mbili, 90 mara moja, akipumzika dakika tatu hadi tano kadiri anavyokaribia juu. Kidole gumba kizunguke mtaimbo. Vizuizi vya pembeni viwe vimewekwa sawa, au pawepo msaidizi kichwani anayejua kwamba hagusi mpaka mtaimbo uanze kurudi chini. Hili la mwisho ndilo linaloharibu vipimo vingi: msaidizi mwenye huruma huweka vidole viwili chini ya mtaimbo pale unapokwama, huku akisema "ni wewe, ni wewe". Vidole vikishagusa, mnyanyuo huo hauandikwi. Huandikwa ule wa kabla yake.