Dopanti nyingi si umeme mwingi: dhana potofu kuhusu tando za semikondakta ya kikaboni

"Kudopu polima ni kama kudopu silikoni." Jina ni moja (kudopu ni kuongeza kemikali, yaani dopanti, ili nyenzo ipitishe umeme zaidi), kazi ni mbili. Kwenye silikoni, atomi ya fosforasi hukalia nafasi ya atomi ya silikoni, na moja kati ya mamilioni hutosha. Kwenye polima (molekuli za minyororo mirefu) kama P3HT, molekuli ya dopanti iitwayo F4TCNQ hujipenyeza kati ya minyororo na kunyakua elektroni, ikiacha tundu, yaani nafasi iliyokosa elektroni, lenye chaji chanya. Dozi huhesabiwa kwa asilimia, kwa sababu kipimo cha dielektriki cha polima (uwezo wa kupunguza mvutano kati ya chaji) ni takriban 3 tu (silikoni ni karibu 12): tundu na ioni ya dopanti huvutana kwa nguvu, na matundu mengi hubaki yamenaswa.

"Umeme haupiti vizuri? Ongeza dopanti." Upitishaji hutegemea idadi ya chaji na pia wepesi wake wa kusafiri. Dopanti ikizidi huvuruga mpangilio wa minyororo, wepesi ukaporomoka. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kumimina F4TCNQ ndani ya myeyusho wa P3HT. Minyororo yenye chaji haiyeyuki vizuri. Hushikana, na utando hutoka na madongemadonge. Tandaza P3HT kwanza, ikauke. Kisha tone la F4TCNQ iliyoyeyushwa kwenye asetonitrili, ambayo haiyeyushi P3HT, liufunike utando wote kwa sekunde chache kabla ya kuzungusha sampuli hadi ikauke.

"Multimita inatosha." Ncha mbili hupima utando pamoja na ukinzani wa migusano, na hujui kipi ni kipi. Tumia sindano nne zilizopangwa mstarini kwa nafasi sawa: mkondo kwenye mbili za nje, volti kwenye mbili za ndani. Tuseme mikroampia 1 inatoa milivolti 10. Hiyo ni omu 10,000. Zidisha kwa 4.53 (utando uwe mpana mara nyingi kuliko nafasi za sindano), upate 45,300. Kwa unene wa nanomita 50, yaani sentimita 0.000005, upitishaji, yaani 1 kugawanywa kwa (45,300 × 0.000005), ni takriban 4.4 S/cm (siemens kwa sentimita). Ukikosea unene mara mbili, jibu nalo limekosewa mara mbili.

"Ukishadopu, umemaliza." Iodini, ileile iliyoifanya polima ya poliasetilini ipitishe umeme mwaka 1977, huvukiza taratibu. F4TCNQ nayo huhamahama, hasa kwenye joto. Tando za aina ya n, zinazopitisha umeme kwa elektroni za ziada badala ya matundu, ni dhaifu zaidi: oksijeni na unyevu huzipokonya elektroni, ndiyo maana hutengenezwa na kupimwa ndani ya kisanduku cha naitrojeni.