Je, wajua kwa nini kozi za kuwafundisha walimu hakimiliki zinaachwa wazi uzibadili utakavyo?

Shirika la Creative Commons, wale wanaotunga leseni za CC za kuruhusu watu watumie kazi zako, lina kozi yake inaitwa CC Certificate, inawafundisha walimu na wakutubi mambo ya hakimiliki na leseni. Ukitaka kusoma na mkufunzi wa kukusimamia mpaka cheti, unalipia. Ila masomo yenyewe yapo mtandaoni, na si bure ya kusoma tu, yana leseni ya CC BY, yaani unaweza kuyashusha, kuyakata, kuyatafsiri, hata kuyauza ukitaka, mradi umtaje mwenyewe na useme umebadilisha nini. Sasa mtu anajiuliza, wataalamu wa hakimiliki ndo hao hao wanaoachia mali yao hivi?

Kueneza elimu ni sababu mojawapo, sawa, lakini mi naona kubwa ni hii: sheria ya hakimiliki inabadilika ukivuka mpaka. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, umeweka ya msingi, mfano kazi inalindwa yenyewe bila kusajiliwa popote (ndiyo maana ile PDF inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ina mwenyewe hata kama haina alama yoyote). Ila mwalimu anakili kiasi gani bila kuomba ruhusa, hapo kila nchi imejipangia. Marekani wana fair use, jaji anapima mambo manne: umeitumia kwa lengo gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeharibu vipi soko la mwenyewe. Kenya wao wametaja mpaka idadi, ukikusanya maandishi ya watu kwa ajili ya shule, ni vipande vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, na utaje kichwa na mwandishi. Tanzania nayo sheria yake ya 1999 inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama mfano wa kufundishia, kwa masharti yake, na chanzo na mwandishi lazima watajwe.

Kwa hiyo ukichukua notsi za Marekani ukampa mwalimu wa Kisumu kama zilivyo umempoteza kabisa, na kuzirekebisha bila ruhusa nako huwezi, maana kutafsiri na kubadili ni haki ya mwenye kazi. Notsi zikifungwa zinabaki na sheria za kwao tu. Zikiwa wazi unang'oa sehemu ya fair use, unaweka ya kwenu, unaandika chini kitu kama hiki:

"Somo hili limetafsiriwa kutoka kozi ya CC Certificate ya Creative Commons, leseni CC BY 4.0. Sehemu ya fair use imetolewa, imewekwa sheria ya Kenya."

Ongeza na linki ya kozi na ya leseni, basi, hakuna barua ya kuomba ruhusa wala kusubiri majibu.

Angalia tu herufi za leseni, si zote zinaruhusu hivyo. Ukiona ND unaweza kutoa kopi na kugawa lakini tafsiri yako huruhusiwi kuisambaza, kwa mtu anayefundisha kwa Kiswahili hiyo haina msaada mkubwa. SA inakutaka kazi yako mpya nayo uitoe kwa leseni ileile. NC ni marufuku ya biashara, na hii ndo inawachanganya watu kweli, kwa sababu mwalimu hana mashine, anapeleka kitabu stationari na yule wa stationari anachaji kila ukurasa, je hiyo si biashara?

Kesi ya hivi ilishafika mahakamani Marekani. Great Minds, wenye vitabu vya hesabu vya Eureka Math vyenye leseni ya NC, waliishtaki FedEx Office, kampuni ya kutoa kopi, kwa kuzitolea shule kopi kwa malipo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikawakatalia, ikasema anayetumia leseni ni shule, na shule haifanyi biashara, mwenye mashine kaagizwa tu. Wakaenda tena na Office Depot, nao wa kutoa kopi, 2019 wakashindwa vilevile. Lakini hukumu hizo hazimfungi jaji wa Nairobi wala wa Dodoma, kwa hiyo ukiileta kozi huku, hapo kwenye NC weka maelezo kwamba hukumu hizo ni za Marekani.