Bendera ya Zanzibar kwenye Michezo ya Afrika: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Kila Michezo ya Afrika inapofunguliwa na nchi zikaanza kupita uwanjani na bendera zao, baraza za Mji Mkongwe huwaka moto. Shelisheli hao, Komoro hao, Cape Verde hao. Wetu wako wapi? Kahawa haijapoa, majibu yashatoka, na mengi yake hayana miguu. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

"Sisi ni wadogo mno"

Hili halichukui muda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Shelisheli nzima ni laki moja na ushei. Komoro hawafiki milioni moja, Mauritius wana milioni moja na robo hivi. Pemba peke yake ina watu 543,441, sawa na Cape Verde au zaidi kidogo. Udogo wetu uko kwenye ramani tu.

"Zamani tulikuwa tunakwenda peke yetu"

Wazee husema hivi kwa uhakika kabisa, na naelewa wanakoitoa: kwenye mpira wa Afrika Mashariki Zanzibar ilicheza kwa jina lake tangu enzi za Kombe la Gossage. Lakini Michezo ya Afrika ni kitu kingine. Ya kwanza ilifanyika Brazzaville, Julai 1965. Uhuru wetu ulikuwa tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Brazzaville ilipofunguliwa, Muungano ulikuwa na zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna Michezo ya Afrika hata mmoja ambao Zanzibar ingeweza kuuingia kama nchi peke yake. Hatukunyang'anywa kiti, maana hatukuwahi kukikalia.

"Michezo si jambo la Muungano, kwa hivyo haki yetu ipo"

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, soma orodha ya mambo ya Muungano, michezo huikuti. Ndiyo maana huku tuna Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar na bara wana baraza lao, na mpira una mashirikisho mawili.

Nusu ya pili ndiyo inayowaponza watu. Michezo ya bara zima huendeshwa kwa kushirikiana na kamati za Olimpiki za nchi, na Tanzania ina moja tu, kwa pande zote mbili. Tangu 1996 Mkataba wa Olimpiki unataka kamati mpya itoke katika dola huru inayotambuliwa kimataifa. Puerto Rico na Hong Kong si dola huru, lakini kamati zao zilikuwepo kabla ya kanuni hiyo, basi zikaachwa. Sisi tungeomba leo tungekuta mlango umeshafungwa, na Katiba yetu, hata tuisome kwa sauti gani, haimfungi mtu aliyeko Lausanne, Uswisi, kwenye makao ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa.

Bendera yenyewe tunayo tangu 2005, na ni nzuri. Kinachouma zaidi, kwa maoni yangu, ni nafasi. Kwenye riadha kila nchi hupewa nafasi chache kwa kila shindano. Shelisheli huchagua wao kutoka watu laki moja. Kijana wa Micheweni, Pemba, mwenye mbio zake lazima kwanza awapite wakimbiaji wa nchi ya watu zaidi ya milioni 61, wakiwemo waliokulia kwenye miinuko ya Arusha, Manyara na Singida, na huo ni mchujo tu, safari yenyewe bado. Mjadala wa barazani ungekuwa juu ya hili, ungekuwa na faida zaidi.

"CAF ilitufukuza"

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika. Watu walisherehekea, na haki yao. Mkutano ule ule ndio uliomwangusha rais wa CAF, Issa Hayatou, na kumweka Ahmad Ahmad wa Madagascar, mtu wa kisiwa kama sisi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, CAF chini ya Ahmad huyo huyo ikafuta uamuzi: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Kilichofutwa ni uanachama kamili. Klabu zetu hazikutolewa. Zilikuwa zikicheza mashindano ya klabu ya Afrika kabla ya 2017 na zinaendelea mpaka sasa. Na CECAFA, shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati, haikutikisika: Disemba ya mwaka ule, kwenye Kombe lake la Chalenji, timu yetu ya Zanzibar Heroes iliifunga Tanzania Bara 2–1 kwenye makundi, ikafika fainali kule Machakos, ikashindwa na Kenya kwa penalti. Kombe lenyewe ilishalichukua mwaka 1995. Timu isiyotambuliwa na FIFA, ilikaribia kulibeba tena miezi mitano baada ya kuambiwa si nchi.

"Hakuna kisiwa kisicho dola kinachoshindana kwa jina lake"

Viko tele. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, iliyoanza Reunion mwaka 1979, ina Reunion na Mayotte, zote za Ufaransa, zikiwa na timu zao mbele ya Madagascar na Mauritius. Sidai kuna amani kamili humo: mwaka 2015 Komoro walijitoa kwa sababu ya Mayotte kuandamana na bendera ya Ufaransa. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Jersey, Guernsey na Isle of Man huingia kila kimoja kivyake, na Isle of Man haifikishi watu laki moja. Kila michezo ina kanuni zake za kuingia. Jibu la mlango mmoja si jibu la milango yote.

"Watoto wa pwani ni waogeleaji wa kuzaliwa"

Hii hutoka zaidi kwa wageni, ila na sisi tunaipenda. Nenda Nungwi jioni utazame. Wavulana wanaruka kutoka kwenye dau, wasichana wamesimama maji ya magoti. Wengi wao hawakufunzwa kamwe. Na aliyejifunza baharini huogelea kichwa juu akitazama wimbi. Hajui kujigeuza ukutani, wala kuruka kutoka jukwaa la kuanzia. Mabwawa mengi tunayoyaona ni ya hoteli, yaliyochimbwa kwa mgeni kupoza mwili. Mashindano makubwa hufanyika kwenye bwawa la mita 50, mistari imenyooka, na saa inahesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde.

"Wazanzibari si watu wa ngumi"

Hapa hapakuwa na suala la kipaji. Serikali ya Mzee Karume ilipiga ngumi marufuku miaka ya 1960, na marufuku ikadumu mpaka 2022, Rais Hussein Mwinyi alipoiondoa. Vizazi viwili havikuvaa glovu ulingoni nyumbani. Michezo ya Afrika ya Accra, Ghana, ilifanyika Machi 2024, kwa hivyo kijana aliyeanza mazoezi siku ile marufuku ilipoondolewa alikuwa na miaka miwili hivi tu ya mazoezi, huku wa Dar es Salaam akiwa na klabu, makocha na mapambano ya tangu utotoni. Mtu anayeuliza mabondia wetu wako wapi, wengi wao bado wanajifunza kukunja ngumi.